István Széchenyi: Kabaila, Askari na Mjenzi wa Daraja

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, wanafunzi wa sasa wakiwapo)



Katibu wa Chama aliponiandikia barua alinitaka nizungumzie uongozi. Nimekaa serikalini miaka ya kutosha kujua kwamba hotuba juu ya uongozi kwa jumla humfurahisha msemaji kuliko wasikilizaji. Kwa hiyo niliomba ruhusa nimzungumzie mtu mmoja tu, nami nikaruhusiwa.

Mtu mwenyewe ni Mhungaria wa karne ya 19. Mtauliza, kwa nini Mhungaria? Jibu langu la kwanza ni kwamba humu ndani hakuna mwenye mjomba wala shemeji huko, hivyo tunaweza kumsifu na kumkosoa pasipo mtu kununa. Mhungaria anayetajwa katika historia ya sehemu zetu ni Sámuel Teleki, aliyeondoka Pangani mwanzoni mwa 1887 na msafara mkubwa wa wapagazi, na Machi 1888 akafika kwenye ziwa ambalo leo linaitwa Turkana, akalipa jina la mwana wa mfalme wake. Huyu ninayemleta mbele yenu hakufika kwetu, na alikuwa amekwisha kufa Teleki alipokuwa mtoto wa shule. Aliitwa István Széchenyi. Wenyewe hutamka Ishtvan Secheni, nami nitajitahidi.

Alizaliwa Vienna tarehe 21 Septemba 1791. Hungaria wakati huo ilikuwa ufalme wenye Bunge lake na sheria zake, lakini mfalme wake alikuwa yule yule mtawala wa Austria wa ukoo wa Habsburg, na mambo makubwa yaliamuliwa Vienna. Baba yake, Ferenc, alikuwa mmoja wa makabaila wakubwa wa nchi, na mtu wa vitabu. Mwaka 1802 aliwapa Wahungaria maktaba yake pamoja na makusanyo yake ya sarafu na hati, na kutokana na zawadi hiyo ikazaliwa Maktaba ya Taifa na Jumba la Makumbusho la Taifa.

Mtoto hakufuata vitabu. Mwaka 1809, akiwa hajatimiza miaka 18, aliingia jeshini kupigana na Napoleon, na Juni mwaka huo huo alikuwapo kwenye vita vya Győr, ambako upande wake ulishindwa. Miaka minne baadaye, katika mapigano makubwa ya Leipzig, alipewa kazi ambayo ndiyo iliyomtangaza. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Oktoba 1813 ilibidi mtu apeleke ujumbe kwa Blücher, jemadari wa Prussia, na kwa Bernadotte, mrithi wa kiti cha enzi cha Sweden, ili majeshi ya washirika yashambulie kwa pamoja. Njia ilipita katikati ya adui. Széchenyi alipanda farasi akaingia gizani, na ujumbe ukafika. Mei 1815, huko Tolentino nchini Italia, aliongoza wapanda farasi wake wakawatawanya walinzi wa Murat. Hapana shaka kabisa kwamba alikuwa shujaa. Naliweka jambo hili wazi mapema, kwa sababu ushujaa wa namna hii ndio tunaouelewa upesi, lakini ndiyo sehemu ya maisha yake isiyonipa shida ya kufikiri.

Vita vilipokwisha, alibaki jeshini kama kapteni. Aliomba apandishwe kuwa meja, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Wenzangu wa serikalini mnaijua hali hiyo. Aliishi kama alivyoishi kapteni yeyote tajiri wa Vienna: karata, dansi, farasi wa gharama, na mambo mengine ambayo sitayasema mbele ya Kidato cha Kwanza. Lakini alikuwa na mazoea mawili yaliyomwokoa. Alisafiri, na alipokuwa safarini alitazama. Alikwenda Uingereza, Italia, Ugiriki na Uturuki, akauliza mashine inafanyaje kazi, barabara imejengwa kwa fedha ya nani, farasi wanazalishwaje. Tena tangu mwaka 1814 aliandika kumbukumbu za kila siku, na humo alijihukumu kwa ukali ambao hakimu asingemfanyia. Baada ya kufa kwake katibu wake alifuta mistari mingi kwa wino mweusi. Kumbukumbu hizo, mjue, sehemu yake kubwa aliziandika kwa Kijerumani, maana Kihungaria chake hakikuwa kizuri. Likumbukeni hilo, nitalirudia sasa hivi.

Desemba 1820 baba yake alifariki Vienna. Széchenyi alikuwa mashariki mwa nchi, akaenda mbio kuwahi mazishi. Tarehe 29 Desemba akafika mji wa Pest, ulio ukingo wa mashariki wa mto Danube, na mbele yake, ng'ambo, ukaonekana mji wa Buda. Siku hizo ilikuwa miji miwili. Iliunganishwa kuwa Budapest mwaka 1873. Kati yake kulikuwa na daraja la mashua tu, yaani mbao zilizotandazwa juu ya mashua zilizofungwa pamoja, nalo kila majira ya baridi liliondolewa kwa sababu ya barafu. Barafu ikielea haikubali mashua kupita wala haibebi mtu. Tajiri huyu, kapteni huyu wa Leipzig, alikaa ukingoni wiki nzima akiitazama ng'ambo, na hakuvuka mpaka tarehe 5 Januari. Katika siku hizo aliandika kwamba angetoa mapato yake ya mwaka mzima daraja lingejengwa hapo, bila kutaka faida wala riba. Ilimchukua miaka mingi kulitimiza neno hilo, lakini hakulisahau.

Ndugu zangu, sasa nafika mwaka 1825. Mfalme alikuwa ametawala zaidi ya miaka kumi bila kuliita Bunge la Hungaria. Safari hii alilazimika kuliita, likakutana Pozsony, mji ambao leo unaitwa Bratislava na ni makao makuu ya Slovakia. Széchenyi alikuwa na haki ya kukaa katika Baraza la Juu, la makabaila wakubwa. Lugha ya baraza hilo ilikuwa Kilatini. Msidhani nafanya mzaha: watu wa karne ya 19 walijadili kodi na majeshi kwa Kilatini, na nyumbani waungwana wengi walizungumza Kijerumani. Kihungaria kiliachiwa wakulima, wachungaji na waungwana wadogo wa vijijini. Oktoba mwaka huo Széchenyi alisimama katika Baraza la Juu akasema Kihungaria. Hakukisema vizuri, na wazee walinung'unika.

Jambo kubwa lilitokea tarehe 3 Novemba. Wajumbe wa Baraza la Chini walikuwa wakizungumzia haja ya kuwa na chama cha wataalamu cha kuikuza lugha ya taifa. Mjumbe mmoja mwenye ulimi mkali, Pál Nagy, akawashukia makabaila: kila mmoja anaililia lugha, akasema, lakini hakuna anayefungua mfuko. Széchenyi alikuwa amesimama pembeni kama msikilizaji. Hakuwa na haki ya kusema katika baraza hilo. Akaomba ruhusa, akasema kwamba anatoa mapato ya mashamba yake ya mwaka mmoja, fiorini 60,000, kwa ajili ya chama hicho. Hapo hapo wengine watatu wakafuata: György Károlyi 40,000, György Andrássy 10,000 na Ábrahám Vay 8,000. Zikatimia 118,000 kabla watu hawajaondoka. Hivyo ndivyo ilivyoanzishwa Akademia ya Sayansi ya Hungaria, ambayo ipo mpaka leo. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ataishije mwaka huo, alijibu kuwa anao marafiki, watamlisha.

Nimekwisha kuhudhuria mikutano mingi ya michango. Kwa kawaida mwenye mali husema mwisho, akishapima wengine wametoa ngapi. Széchenyi alisema kwanza, akataja tarakimu, na tarakimu yenyewe ilikuwa ya kumuumiza. Tena aliitoa kwa ajili ya lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza, akiwa na umri wa miaka 34. Kwa maoni yangu siku hiyo ilihitaji moyo kuliko usiku wa Leipzig. Leipzig wenzake wote walimshangilia. Pozsony nusu ya jamaa zake walimwona mwendawazimu. Mwaka uliofuata akaacha jeshi, bado kapteni.

Alivyoanza kazi ya siasa kutawachekesha wanafunzi: alianza na mashindano ya farasi. Mwaka 1827 aliyaandaa Pest, na mwaka huo huo akafungua klabu yenye magazeti, vitabu na chakula, aliyoiita Kasino. Adui zake walisema kapteni amerudia michezo yake ya ujana. Yeye alikuwa na hesabu nyingine. Makabaila wa Hungaria walikuwa wametawanyika, huyu Vienna, yule shambani, hawakutani wala hawazungumzi. Aliona kwamba huwezi kuwahutubia watu wasiokutana, na kwamba kabaila haji kusikiliza hotuba juu ya uchumi, lakini kutazama farasi atakuja. Walipokuja, wakakuta na magazeti.

Kisha akaandika. Inasemekana alikwenda kuomba mkopo wa fiorini 10,000 katika benki moja ya Vienna, akakataliwa. Mtu mwenye ardhi kubwa namna ile! Alipochunguza sababu akaikuta katika sheria ya mwaka 1351, iliyosema kwamba ardhi ya muungwana ni ya ukoo wake na haiwezi kutoka nje ya ukoo. Ikiwa ardhi haiuzwi, haiwezi kuwekwa rehani. Na kama haiwekwi rehani, nani atamkopesha mwenyewe? Kitabu chake cha mwaka 1830 alikiita Hitel, maana yake mkopo, au imani ya mkopeshaji. Humo alieleza kwamba upendeleo ambao waungwana waliulinda kama mboni ya jicho ndio uliowafanya maskini juu ya mali yao. Akaenda mbele zaidi. Mkulima mtwana mwenye shamba kamili alidaiwa na bwana wake siku 52 za shokoa kila mwaka akija na wanyama wake, au siku 104 akija na mikono mitupu. Széchenyi alisema kazi ya namna hiyo ni hasara hata kwa bwana, kwa kuwa mtu anayelazimishwa hufanya kidogo kadiri awezavyo. Wasomaji wengine walikichoma moto kitabu. Kabaila mwenzake, József Dessewffy, alitoa kitabu kizima cha kumpinga. Széchenyi akajibu kwa kitabu kingine mwaka 1831. Cha tatu, chenye mapendekezo ya sheria zenyewe, kilizuiwa na wakaguzi, kikachapishwa Leipzig mwaka 1833.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa kabaila, na alitaka makabaila waongoze mabadiliko. Aliwaambia wenzake kwamba haki inalipa. Hakuwaambia watwana wainuke wajitwalie. Watwana walipata uhuru wao mwaka 1848 tu, tena kwa sababu mapinduzi yalikuwa yamezagaa Ulaya nzima na mfalme ameingiwa na hofu. Mwenye kutaka kumlaumu kwa hilo ana haki.

Lakini nataka mlitazame daraja, kwa maana hapo ndipo mtu huyu anaonekana wote. Mwaka 1832 aliunda chama cha kulishughulikia, akaenda Uingereza pamoja na György Andrássy kuwauliza wahandisi. Swali lilikuwa kama daraja la kudumu linaweza kustahimili barafu ya Danube. Wakajibu linaweza, likiwa la kuning'inia kwenye minyororo ya chuma juu ya nguzo chache. Mchoro ulifanywa na Mwingereza William Tierney Clark, na kazi ikasimamiwa na Mskoti Adam Clark. Hawakuwa ndugu, ni majina tu yaliyofanana. Fedha zilitafutwa kwa tajiri wa benki wa Vienna, Georgios Sina. Hayo ya uhandisi na fedha yalikuwa magumu, ila hayakumshinda mtu.

Ugumu hasa ulikuwa katika swali dogo: nani atalipa ushuru wa kuvuka?

Katika Hungaria takriban mtu mmoja kati ya ishirini alihesabiwa muungwana, na muungwana hakulipa kodi. Hiyo ilikuwa maana yenyewe ya kuwa muungwana. Wengi wao walikuwa maskini kama wakulima, wengine wenye kiraka suruali, lakini kwenye daraja la mashua mtoza ushuru alimsimamisha mkulima mwenye gunia la vitunguu, na muungwana akapita bila kugeuza shingo. Széchenyi alisema kwamba daraja hili jipya kila mtu atalilipia. Kabaila, padri, mwanafunzi na muuza kuku, wote sawasawa. Alitoa sababu ya hesabu, kwamba bila ushuru wa wote hakuna mkopeshaji atakayekubali. Ilikuwa kweli. Lakini wapinzani wake hawakuwa wajinga. Walijua kwamba muungwana akishalipa senti moja darajani, ukuta wote umetoboka. Leo senti ya daraja, kesho kodi ya ardhi. Mwaka 1836 sheria ilipitishwa, sheria ya 26 ya mwaka huo, na inasimuliwa kwamba mkuu wa mahakama za nchi, kabaila Antal Cziráky, alilia machozi akaapa hataweka mguu wake juu ya daraja hilo maisha yake yote.

Ndugu zangu, mtu anayefanya kazi ofisini anayajua machozi ya Cziráky. Kila mahali penye ushuru, foleni au fomu ya kujaza, hatokosekana mtu wa kuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Mara nyingi fedha yenyewe si kitu kwake, angeweza kuilipa mara kumi. Kinachomuuma ni kusimama mstari mmoja na mwenye vitunguu. Széchenyi alimwelewa mtu huyu vizuri sana, kwa kuwa alikuwa amezaliwa naye nyumba moja. Ndiyo maana hakuanza na hotuba juu ya usawa wa binadamu. Alijenga kitu ambacho watu wa tabaka lake wangekihitaji kila siku, akaweka mlango wa ushuru mbele yake.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 24 Agosti 1842. Wakati huo alikuwa na kazi nyingine tele, nami nazitaja kwa haraka. Alisimamia upasuaji wa miamba na ujenzi wa barabara kwenye magenge ya Danube ya chini, alisaidia meli za mvuke kuanza kusafiri katika mto huo na, mwaka 1846, katika ziwa Balaton. Mwaka huo huo kazi ya kuunyoosha mto Tisza na kuzuia mafuriko yake ilianza chini yake. Alioa mwaka 1836. Mwanamke mwenyewe, Crescence Seilern, alimpenda tangu 1824, lakini alikuwa mke wa mtu. Széchenyi alingoja mpaka alipofiwa na mumewe.

Sasa atokee Kossuth. Lajos Kossuth alikuwa mwanasheria wa ukoo wa kiungwana usio na mali, aliyefungwa kwa ajili ya siasa na kutoka mwaka 1840. Alikuwa na kalamu ya moto na ulimi wa moto. Mwaka huo, katika mkutano wa jimbo la Pest, alimwita Széchenyi Mhungaria mkubwa kuliko wote, na jina hilo limemganda mpaka leo. Mwaka uliofuata Széchenyi alimshukuru kwa kutoa kitabu kizima cha kumshambulia. Alimwambia kwamba anawasha mioyo ya watu pasipo kuzielekeza akili zao, na kwamba mwendo wake utaiangusha Hungaria katika vita na Austria na katika chuki na mataifa mengine yaliyomo ndani ya nchi.

Hili la mwisho linastahili kusimama kidogo. Katika ufalme ule Wahungaria wenyewe hawakufikia nusu ya watu wote. Walikuwamo Waromania, Waslovaki, Wakroatia, Waserbia, Wajerumani na wengine. Kihungaria kilipokuwa kinapanda, na mwaka 1844 kikawa lugha rasmi, wapenzi wake wengine walianza kuwalazimisha hao wengine kwa amri na matusi. Tarehe 27 Novemba 1842, mbele ya Akademia ile ile aliyoitolea fedha, Széchenyi alisema kwamba lugha haipandikizwi kwa nguvu. Mwenye kuitaka ipendwe aifanye iwe na kitu cha kupendwa. Wasikilizaji walikasirika sana. Alikuwa amepoteza umaarufu wake kwa kuwaambia wapenzi wa lugha jambo ambalo yeye tu, mtoaji wa 60,000, alikuwa na idhini ya kulisema, na bado hawakumsamehe.

Machi 1848 mapinduzi yalifika Pest. Iliundwa serikali ya Wahungaria chini ya Lajos Batthyány. Kossuth akawa Waziri wa Fedha, na Széchenyi, aliyemwogopa Kossuth kuliko mtu yeyote, akakubali kuingia baraza moja naye kama Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi. Kwa miezi michache aliamini huenda yeye ndiye aliyekosea. Tarehe 18 Julai walikuwa wakiinua kipande cha mwisho cha mnyororo wa daraja, kikakatika, kikaangukia daraja la muda lililojaa watazamaji. Széchenyi alitupwa mtoni pamoja nao, akaogelea hadi ukingoni. Alikuwa na miaka 56.

Mto haukumshinda, lakini mawazo yalimshinda. Vita na Austria vilipokaribia aliona kila alilolitabiri linakuja, na badala ya kusema "niliwaambia", alijilaumu mwenyewe kwamba ndiye aliyewaamsha watu na hivyo yeye ndiye mwenye damu yote itakayomwagika. Akili yake ilivunjika. Mwanzoni mwa Septemba 1848 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Döbling, karibu na Vienna. Vijana, msimcheke. Ni ugonjwa kama mwingine, na mtu aliyepenya jeshi la Napoleon usiku hakuwa mwoga.

Vita vilikuja, Wahungaria wakashindwa kwa msaada wa majeshi ya Urusi, na tarehe 6 Oktoba 1849 Batthyány alipigwa risasi Pest, na siku hiyo hiyo majemadari 13 wakauawa mjini Arad. Kossuth alikimbilia Uturuki, akafa uhamishoni Turin mwaka 1894. Daraja nalo liliponea chupuchupu: Waaustria walijaribu kulilipua mwaka ule wa 1849, wakashindwa. Lilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1849, mita 202 kutoka nguzo hadi nguzo, na watu wakaanza kuvuka, kila mtu na senti yake. Széchenyi alikuwa Döbling. Hakulivuka daraja hilo hata mara moja.

Alipopata nafuu hakutaka kutoka hospitalini. Alianza tena kuandika, na mwanawe Béla alipeleka muswada London, ambako mwaka 1859 ulitoka kitabu kisicho na jina la mwandishi, kwa Kijerumani, kikiidhihaki serikali ya kidikteta ya Vienna kwa kejeli ambayo watu waliisoma kwa siri na kucheka kwa siri. Polisi walimtambua kwa mtindo wake. Tarehe 3 Machi 1860 walikuja kumpekua, na waziri wao akamwarifu kwamba hospitali haitakuwa tena kimbilio lake. Usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 8 Aprili, alijiua. Alizikwa Nagycenk, kwenye shamba la ukoo wake, na maelfu walikuja ingawa serikali haikutaka waje.

Jana jioni kijana mmoja wa Kidato cha Sita, aliyekwisha kusikia nitazungumzia nini, aliniuliza bwenini: kati ya Széchenyi na Kossuth, nani alikuwa sahihi? Nilimwahidi nitamjibu hapa. Széchenyi aliziona hatari zote, nazo zikatokea kama alivyosema. Lakini wakulima walioachiwa huru mwaka 1848 hawakuachiwa na vitabu vyake; waliachiwa kwa sheria ambazo Kossuth na wenziwe walimbana mfalme mpaka akazitia saini, na hata Waaustria waliposhinda hawakuthubutu kuwarudisha wakulima utumwani. Mwaka 1867 Hungaria ilipatana na mfalme ikapata serikali yake, kwa njia ya mapatano ambayo Széchenyi angeipenda, na ambayo Kossuth aliipinga kutoka uhamishoni. Kwa hiyo, kijana, mimi katika mwaka 1848 ningemfuata Kossuth, na katika miaka ishirini iliyotangulia ningemfuata Széchenyi. Mwalimu wako wa historia anaweza kukunyima alama kwa jibu hilo, nami sitamlaumu.

Daraja lililipuliwa na majeshi ya Ujerumani Januari 1945, likajengwa upya na kufunguliwa tarehe 20 Novemba 1949, miaka mia kamili tangu siku ya kwanza. Lina jina lake. Jengo la Akademia, la mwaka 1865, liko hapo hapo darajani, upande wa Pest. Nimemwachia mwalimu wa jiografia ramani kubwa ya mto Danube, inayoonyesha pia Tisza na yale magenge ya chini. Anayetaka kuitazama amwone yeye.